Pimeni Breki, Msihesabu Miaka

Katika gereji moja karibu na soko la Kisekka, hapa Kampala, kuna benchi la mbao ambalo kila Jumamosi hujaa watu wasio na gari la kutengenezwa. Wanakuja kubishana tu, nami ni mmoja wao. Wengine hubishana kuhusu mpira, sisi tunabishana kuhusu magari. Je, Toyota Corolla ya mwaka 1998 si imara kuliko ya 2018? Je, kompyuta ndani ya gari ni msaada au ni mzigo? Je, serikali ina haki gani ya kunichagulia gari la kununua? Soda huisha kabla ya hoja kuisha.

Nimelisikiliza benchi hilo kwa miaka mitatu, na leo nataka kulipinga. Pia nataka kuipinga sheria ambayo benchi hilo huilalamikia kila wiki. Pande zote mbili zinafanya kosa lilelile: zinalitazama gari kwa mwaka wake wa kuzaliwa. Benchi linasema gari la zamani ni zuri kwa sababu ni la zamani. Sheria inasema gari la zamani ni baya kwa sababu ni la zamani. Mimi nasema kwamba mwaka haujawahi kusimamisha gari mbele ya mtoto anayevuka barabara. Kinachosimamisha gari ni breki. Basi na tupime breki.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Tangu mwaka 2018 hairuhusiwi kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na magari yaliyo chini ya umri huo lakini yamezeeka hutozwa kodi ya mazingira. Kenya ni kali zaidi: gari likipita miaka 8 haliingii. Tanzania haijapiga marufuku, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Sisi sote tumo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, na magari yetu mengi yanatoka nchi moja, yaani Japani, katika meli zilezile.

Sasa fikiria gari moja la miaka 12 linaloshushwa bandarini Mombasa. Mkenya haruhusiwi kulisajili kwao. Lakini dereva akilipitisha Malaba, likavuka mpaka na kulipiwa kodi, linakuwa gari halali la Uganda. Je, moshi wake ulibadilika pale Malaba? Je, breki zake zilipata nguvu lilipopita kwenye kizuizi cha forodha? Kama miaka 8 ndiyo mpaka wa usalama, basi Waganda tunaachwa tufe. Kama miaka 15 ndiyo mpaka wa usalama, basi Wakenya wanaonewa. Ukweli ni kwamba hakuna namba kati ya hizo mbili iliyotoka ndani ya injini. Zote mbili zilichaguliwa mezani, kwa sababu mwaka wa gari ni jambo rahisi kusomwa kwenye karatasi.

Mtu atauliza, nchi zilizotengeneza magari haya hufanyaje? Hilo ndilo swali ambalo ningependa wabunge wetu wajiulize. Japani haijakataza gari la miaka 15 kutembea barabarani. Japani hupima. Gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huitwa shaken. Hutazamwa breki, taa, usukani, moshi na sehemu za chini ya gari. Ni kweli pia kwamba gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake huongezeka. Kodi hiyo pamoja na gharama za ukaguzi ndizo zinazomfanya Mjapani auze gari ambalo bado linatembea vizuri, na ndiyo maana sisi tunalipata. Lakini Mjapani anayelipenda gari lake la miaka 30 anaweza kuendelea kuliendesha, mradi lifaulu ukaguzi.

Uingereza nao hupima: gari likifika miaka mitatu hupelekwa kukaguliwa kila mwaka. Ujerumani ni kila baada ya miaka miwili. Marekani wana sheria inayokwenda kinyume kabisa na yetu. Huko gari la kigeni ambalo halikutengenezwa kwa kufuata viwango vyao vya usalama huruhusiwa kuingia likiwa limetimiza angalau miaka 25. Yaani wapenzi wa magari wa Marekani husubiri gari lizeeke ndipo waliagize kutoka Japani, wakati sisi tunalikataa gari hilohilo kwa kuwa limezeeka. Sisemi Marekani wako sahihi. Nasema tu kwamba umri wa gari peke yake hausemi lolote lenye uhakika, ndiyo maana mataifa mawili yanaweza kuutumia kwa maana zinazopingana.

Nadhani wenzangu wa benchi sasa wanatabasamu. Wanadhani niko upande wao. La hasha. Nao nina deni nao.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba magari ya zamani yalikuwa na nguvu. Hugonga mlango wa gari la zamani kwa ngumi na kusema, “Sikia chuma hiki!” Kisha huonyesha gari la kisasa lililogongwa kidogo tu na mbele yote imekunjamana kama karatasi. “Plastiki!” wanasema. Hoja hii inavutia, lakini ni ya hatari. Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima ilichukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, ikayagonganisha uso kwa uso, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Bel Air ni gari refu, zito, la chuma, kama wanavyolitaka wazee wetu wa benchi. Matokeo yake ni kwamba chumba cha dereva cha Bel Air kilibomoka, na mdoli uliowekwa kwenye kiti cha dereva ulipata mapigo ambayo binadamu asingepona. Upande wa Malibu, mbele ya gari iliharibika vibaya, lakini chumba cha dereva kilibaki kizima, na dereva angetoka na jeraha la mguu.

Sababu yake inaeleweka hata kwa mtu asiyesoma fizikia. Gari linapogonga, nguvu ya mwendo lazima iishie mahali fulani. Kama chuma cha mbele hakikunjiki, nguvu ile hupita na kumfikia aliyeketi ndani. Kikikunjika, chuma huimeza sehemu kubwa ya nguvu kabla haijamfikia mtu. Gari lililokunjamana limefanya kazi yake. Anayelicheka anacheka kitu kilichokubali kuharibika ili yeye asiharibike.

Hoja yao ya pili ni kwamba sheria za usalama ni usumbufu. Nimewasikia wakiucheka mkanda. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikaziruhusu kampuni nyingine kuutumia. Hata hivyo ilibidi sheria zitungwe, mwanzo katika jimbo la Victoria huko Australia mwaka 1970, ili watu waufunge. Watu walikuwa na kitu cha kuwaokoa mabegani mwao lakini hawakukivuta mpaka walipotishiwa faini. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba dereva mzuri hahitaji sheria, mimi hukumbuka kwamba dereva mzuri naye huendesha barabara moja na dereva mbaya.

Hoja yao ya tatu ni kwamba kompyuta zimeharibu magari. Hapa nawapa nusu ya haki yao. Nusu wasiyokuwa nayo ni hii: kompyuta ndiyo inayoziachia na kuzishika breki haraka kuliko mguu wa binadamu ili magurudumu yasijifunge kwenye barabara iliyoloa. Kompyuta ndiyo inayolirudisha gari kwenye njia yake linapoanza kuteleza kwenye kona. Anayetaka gari lisilo na vitu hivyo aende nalo Kabale wakati wa mvua, kisha arudi tuzungumze, kama atarudi.

Nusu ambayo wana haki nayo ni kubwa pia. Watengenezaji wamechukua kisingizio cha usalama na teknolojia kutuuzia vitu visivyohusiana na usalama, na wakati mwingine vinavyoupunguza. Zamani ulizima kipoza hewa kwa kupapasa kitufe bila kuondoa macho barabarani. Sasa katika magari mengi unatafuta picha ndogo kwenye kioo kama cha simu, huku mbele yako boda boda imekatiza. Huko Ulaya penyewe shirika linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, limeanza mwaka 2026 kudai kwamba gari likitaka nyota tano liwe na vitufe halisi au wenzo kwa kazi muhimu kama honi, vifuta mvua na taa za kuashiria kona. Kwa hiyo wazee wa benchi walioililia swichi ya zamani hawakuwa wajinga. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ilijaribu katika nchi kadhaa kumtoza mwenye gari malipo ya kila mwezi ili kiti chake kipate joto, ingawa kifaa cha kutia joto kilikuwa tayari ndani ya kiti alichokinunua. Wateja walikasirika, na mwaka uliofuata kampuni ikaacha.

Lakini jambo linalotuumiza sisi wa Kampala zaidi ni la matengenezo. Fundi wetu alijifunza kwa sikio na vidole. Akisikia injini inakohoa, anajua ni plagi ipi. Leo taa ya injini inawaka, na fundi anahitaji mashine ya kusomea hitilafu, na wakati mwingine mashine hiyo inasoma nusu tu kwa kuwa nusu nyingine imefungwa na mtengenezaji. Huko Massachusetts, Marekani, jambo hili lilipelekwa kwa wapiga kura mwaka 2012, na tena mwaka 2020. Mara zote mbili wananchi waliamua kwa kura nyingi kwamba mwenye gari na fundi wa mtaani wana haki ya kupata taarifa za gari wanazozipata mafundi wa kampuni. Sisi ambao karibu magari yetu yote yanatengenezwa na fundi wa mtaani hatujaanza hata kulitaja jambo hili bungeni. Tunahesabu miaka.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniuma, maana mtu anaweza kudhani naandika kwa kupenda ubishi tu.

Mjomba wangu ni dereva wa gari la kukodi. Alikuwa na Premio ya zamani, akaiuza kwa sababu wateja walimwambia ni gari la kizee, akakopa, akanunua gari lenye umri wa miaka tisa. Kodi alilipa. Karatasi zote alikuwa nazo. Kwa macho ya sheria, mjomba alikuwa amepiga hatua kutoka gari baya kwenda gari zuri. Miezi saba baadaye, usiku, lori lililokuwa limeharibika bila taa wala pembetatu ya tahadhari lilimkuta mbele yake katika barabara ya Masaka. Alikuwa amefunga mkanda, na nashukuru. Lakini mfuko wa hewa wa kwenye usukani haukufunguka. Haukufunguka kwa sababu haukuwepo. Gari lile lilikuwa limewahi kugongwa mahali fulani kabla ya kumfikia, mfuko ukatoka, na mtu fulani akafunika tundu lake kwa kifuniko kizuri kilichoshonwa vizuri.

Nikauliza, na ile taa nyekundu ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi? Taa hiyo inapaswa kuwaka unapowasha gari na kuzimika baada ya sekunde chache mfumo ukiwa mzima, na kubaki inawaka mfumo ukiwa na kasoro. Mjomba aliapa kwamba ilikuwa inazimika kila siku. Fundi wa gereji yetu akafungua dashibodi, akanionyesha. Waya wa taa ile ulikuwa umeunganishwa na waya wa taa ya oili. Injini ikiwaka, taa ya oili inazimika, na ya mfuko wa hewa inazimika pamoja nayo. Mtu alikaa chini, akafikiri, akatumia ujuzi wake wote kulifundisha gari kusema uongo.

Mjomba yu hai. Uso wake ulishonwa, na jicho la kushoto halioni vizuri, kwa hiyo hawezi tena kuendesha usiku, na usiku ndiko kulikokuwa na pesa. Mkopo haukupungua kwa sababu jicho limepungua. Dada yake, yaani mama yangu, ndiye anayeumalizia sasa.

Naomba msomaji alitazame gari hilo kwa miwani ya sheria. Miaka tisa: limefaulu. Sasa litazame kwa miwani ya benchi letu. Wao walisema, “Unaona? Ndiyo magari ya kisasa hayo!” Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza swali la maana: kwa nini gari hilo lilitembea Uganda kwa muda wote ule na hakuna mtu mwenye mamlaka aliyewahi kulifungua na kulitazama?

Jibu ni kwamba hapa kwetu gari hukaguliwa kabla ya kupandishwa melini, na magari ya kubeba abiria hutakiwa kukaguliwa, lakini gari la binafsi likishapata namba linaweza kutembea mpaka lioze bila kupelekwa popote kupimwa. Wengi hulinunua kwa mtu wa pili, wa tatu, wa tano. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Hali yake haijaandikwa popote.

Kuna mfano mkubwa kuliko wa mjomba. Kampuni ya Takata ya Japani iliuza mifuko ya hewa kwa kampuni nyingi, zikiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda. Ikagundulika kwamba kemikali ya kuujaza mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikiharibika, mfuko ukifunguka kasha lake hulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa mtu ambaye ulipaswa kumkinga. Marekani peke yake mifuko zaidi ya milioni 60 iliitwa irudishwe ikabadilishwe, na zaidi ya watu 20 walikufa huko kwa kasoro hiyo. Takata yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Mwenye gari Marekani au Japani huandikiwa barua: lete gari, tutabadilisha bure. Je, mwenye gari wa Mbarara ataandikiwa na nani? Gari lake liliondoka Japani, jina la mwenyewe likafutwa kwenye vitabu vya kule, na barua ikabaki haina wa kupelekewa. Joto na unyevu lakini tunavyo tele.

Najua mpinzani wangu ataukamata mfano huu na kusema, “Wewe mwenyewe umekiri kwamba kemikali huharibika kwa miaka. Basi umri una maana.” Nakubali kwamba umri una maana. Chuma hushika kutu, mpira hukauka, kemikali huharibika. Magari mia ya miaka 15 yatakuwa na kasoro nyingi kuliko magari mia ya miaka mitano. Sibishi. Lakini kutokana na hilo tunapata sababu ya kulipima gari la zamani mara nyingi zaidi, hatupati sababu ya kuacha kulipima lile jipya. Tena sheria ya umri hutazama siku ya kuingia tu. Gari lililoingia likiwa na miaka 14 litakuwa na miaka 24 baada ya miaka kumi, na bado litakuwa halali. Kama umri ni ugonjwa, basi sheria yetu ni daktari anayempima mgonjwa mlangoni tu na kumwacha akae wodini bila kumtazama tena.

Mpinzani wa pili atasema ukaguzi ulishajaribiwa Uganda ukashindwa. Ni kweli. Kampuni ya kigeni ilipewa mkataba, vituo vikajengwa, wenye magari wakalalamikia ada na jinsi mkataba ulivyopatikana, Bunge likaingilia, na mpango ukasimama. Lakini tulilalamikia nini hasa? Tulilalamikia bei na mkataba. Mimi sikumbuki mtu aliyesimama akasema breki zisipimwe. Chakula kikiwa na bei mbaya, mtu hutafuta duka jingine, haachi kula.

Na tusitafute mfano mbali. Jirani zetu Rwanda wana ukaguzi wa magari chini ya Polisi ya Taifa, na gari la binafsi hupelekwa kila mwaka, la biashara kila baada ya miezi sita. Wanafunzi wenzangu waliotoka Kigali huniambia huko mtu hutengeneza breki wiki moja kabla ya tarehe yake ya kupimwa, kama mwanafunzi anayesoma usiku wa kuamkia mtihani. Wanalisema kwa kucheka, lakini mimi naona ni habari njema. Hata anayetengeneza kwa woga ametengeneza. Laiti mjomba wangu angalinunua gari lililowahi kufanya mtihani, hata kama liliufanya kwa woga.

Mpinzani wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Atasema mkaguzi atahongwa. Sina jibu la kumaliza rushwa kwa insha moja. Ila namuuliza: je, mwaka wa gari hauhongwi? Karatasi ni rahisi kubadilishwa kuliko breki. Mashine ya kupima breki hutoa namba, na namba hiyo inaweza kuchapishwa, kuhifadhiwa na kuonyeshwa kwa mnunuzi wa baadaye. Uongo juu ya breki utafichuka siku gari litakapopimwa tena mahali pengine. Uongo juu ya mwaka hukaa kwenye kabati milele.

Basi ninadai nini? Nadai mambo manne, nami ningependa walimu na wanafunzi wenzangu wanipinge kama nimekosea.

Kwanza, kila gari, la binafsi na la biashara, la mwaka 1995 na la 2025, lipimwe breki, taa, usukani, magurudumu, mifuko ya hewa na moshi, angalau mara moja kwa mwaka. Ada iwe ndogo, na vituo viwepo Gulu na Arua, si Kampala tu. Pili, namba ya chasisi ya kila gari linaloingia ilinganishwe na orodha za watengenezaji za magari yaliyoitwa kurudishwa. Orodha hizo zipo kwenye intaneti, na mtu huingiza namba akapata jibu. Tatu, kuondoa mfuko wa hewa na kuidanganya taa yake liwe kosa la jinai kwa fundi na kwa muuzaji. Iwe hivyohivyo kwa kichujio cha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho hung'olewa na kuuzwa kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo, kisha gari likaachwa liteme sumu yote mitaani. Nne, fundi wa mtaani apewe haki ya kupata taarifa za matengenezo na mafunzo ya kuzitumia, maana hatuwezi kumwadhibu kwa kukata waya wakati tumemnyima mchoro wa waya.

Mambo hayo yakitekelezwa, sheria ya miaka 15 ifutwe. Gari lifaulu au lifeli kwa hali yake. Gari la miaka 20 lililotunzwa na mwalimu mstaafu lipite, na gari la miaka minne lililozama kwenye mafuriko likakaushwa na kupakwa rangi lizuiwe. Maskini asinyimwe gari zima kwa sababu ya tarehe, na tajiri asiuziwe jeneza kwa sababu ya tarehe.

Wenzangu wa benchi, nawapenda, na Jumamosi nitakuja. Lakini acheni kuugonga mlango kwa ngumi na kuusifu mlio wake. Inameni mtazame chini ya gari. Na ninyi mnaotunga sheria, acheni kuusoma mwaka kwenye karatasi mkaona mmemaliza kazi. Mjomba wangu alikuwa na karatasi nzuri sana. Ziko mfukoni mwake hadi leo, na akitaka kuzisoma inabidi azisogeze upande wa jicho la kulia.